Kijana Asiyepatana na Ngano: Kuuelewa Ugonjwa wa Siliaki katika Mazingira ya Handeni na Korogwe

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, mahindi ndiyo nguzo ya chakula. Ugali wa sembe au dona, makande, muhogo, kunde, wali na ndizi zinazoteremka kutoka milima ya Usambara ndivyo vyakula vinavyolea watoto wa huko. Ngano haina nafasi kubwa mashambani, lakini mezani imekwisha kuzoeleka. Asubuhi ni mandazi na chai, jioni huenda ikawa chapati na maharage, na msafiri anaposhuka kwenye basi pale Segera au Mombo hukutana na sambusa kabla hajapata maji ya kunywa. Kwa watu walio wengi, chakula hicho hakina dhara. Wapo wachache, hata hivyo, ambao kila kipande cha mandazi huujeruhi utumbo wao, nao hawajui. Makala haya yanawahusu vijana wa namna hiyo, pamoja na wazazi, walimu na watumishi wa afya wanaowahudumia.

Mfano wa binti mmoja

Mfano ufuatao nimeuunganisha kutokana na sura za ugonjwa huu zinazofahamika kitabibu, wala haumhusu mgonjwa mmoja mahususi. Tumchukue binti wa miaka 15 kutoka kijiji kimoja cha Handeni, anayesoma kidato cha pili katika shule ya bweni upande wa Korogwe. Mdogo wake wa miaka 12 amekwisha kumpita kwa urefu. Hajavunja ungo. Tumbo humjaa gesi, mdomoni hutokwa na vidonda visivyokwisha, naye huchoka kabla ya kipindi cha mwisho. Mara tatu amepimwa na kuonekana ana upungufu wa damu. Mara tatu amepewa vidonge vya madini ya chuma, na mara tatu damu imepanda kidogo kisha ikashuka. Malaria haikuonekana, na dawa ya minyoo amekwisha kumeza.

Kila likizo binti huyu hupata nafuu, na kila akirudi shuleni hali huzorota. Baadhi ya watu wakahitimisha kwamba anayakimbia masomo. Bibi yake peke yake ndiye aliyesema, “Mjukuu wangu, huko shuleni kuna kitu unachokila.” Maneno ya bibi yalikuwa na thamani kubwa ya kitabibu. Nyumbani binti hula ugali, mboga na muhogo. Shuleni hununua mandazi kila mapumziko, na chapati kila anapopata fedha.

Mama yake, kwa mapenzi mema, akamnunulia unga wa lishe ili apate nguvu. Unga huo ulichanganya mahindi, soya, karanga, ulezi na ngano. Uji uliokusudiwa kumjenga ukazidi kumdhoofisha hata wakati wa likizo, na ile nafuu aliyokuwa akiipata nyumbani ikatoweka. Kwa hiyo dalili moja iliyokuwa ikielekeza kwenye chanzo cha ugonjwa ikafutika.

Nini hutokea ndani ya utumbo

Ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai zina protini ijulikanayo kama gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa, na chapati isukumike bila kukatika. Kwa mtu mwenye siliaki, mfumo wa kinga ya mwili huichukulia protini hiyo kama adui. Katika kupambana nayo, kinga hiyo huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Kwa sababu hiyo siliaki huhesabiwa miongoni mwa magonjwa ambayo kinga huugeukia mwili wake. Haiambukizwi, haitokani na uchafu, na si mzio wa kawaida wa chakula.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na vinyweleo vidogo mno, mithili ya nyuzi za taulo. Kazi yake ni kuongeza eneo la kufyonzea virutubisho. Siliaki huvisawazisha vinyweleo hivyo mpaka taulo likawa kama turubai. Chakula hupita, lakini madini ya chuma, kalisi, asidi foliki na vitamini hufyonzwa kwa shida. Hapo ndipo mtu anapokula akashiba na bado mwili wake ukabaki na njaa.

Ugonjwa huu humpata mtu aliyerithi vinasaba fulani, hasa vile viitwavyo DQ2 na DQ8. Kuwa navyo hakutoshi, kwani watu wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui kamwe. Ndugu wa tumbo moja, mzazi au mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban mmoja katika kumi wa kuwa nao pia. Watu wenye kisukari cha aina ya kwanza na wale wenye hali ya Down nao huupata zaidi kuliko wengine.

Historia fupi yenye funzo

Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu kwa watoto, akasema kwamba iwapo mgonjwa aweza kupona, atapona kwa njia ya chakula. Hakujua ni chakula gani. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto waliolishwa ndizi kwa wingi walipona. Ndizi zikasifiwa kuwa dawa. Kumbe siri haikuwa katika ndizi waliyopewa, bali katika mkate walionyimwa.

Aliyelifumbua fumbo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake, watoto wenye siliaki hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1950 aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari iliyoonyesha kwamba kuondoa ngano kulileta nafuu, na kuirudisha kulirudisha ugonjwa.

Je, ugonjwa huu upo Afrika? Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa wa Wazungu pekee. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa Sahara Magharibi, ambapo zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa nao, kiwango kinachopita kile cha Ulaya. Katika maeneo yetu yanayokula mahindi, mtama, uwele, ulezi na muhogo, vyote visivyo na gluteni, siliaki huonekana kuwa nadra. Lakini ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na ngano inazidi kuingia majikoni mwetu.

Kwanza yale ya kawaida

Nisieleweke vibaya. Kijana wa Handeni au Korogwe mwenye upungufu wa damu hana budi kuchunguzwa kwanza magonjwa yaliyo mengi: malaria, safura na minyoo mingine, kichocho, selimundu, kifua kikuu, maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na lishe duni yenyewe. Korogwe, penye kituo cha utafiti cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ilikuwa mojawapo ya maeneo mawili ya Tanzania yaliyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Ni eneo linaloujua upungufu wa damu kwa kina. Hata hivyo, yale ya kawaida yakishachunguzwa na kutibiwa, na damu ikaendelea kushuka, ni lazima tuulize swali jingine. Kuandika tena vidonge vilevile kwa mara ya nne si tiba.

Dalili zinazopaswa kutuzindua kwa kijana ni hizi: kimo kusimama, balehe kuchelewa, upungufu wa madini ya chuma usiosikia dawa, kuhara au kufunga choo kwa muda mrefu, tumbo kujaa, vidonda vya mdomoni vya kujirudia, mifupa kuvunjika kirahisi, na vipele viwashavyo sana kwenye viwiko, magoti na makalio. Wapo pia wasiosikia dalili yoyote ya tumbo.

Vipimo, na kosa la kuepuka

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta kingamwili za aina ya IgA dhidi ya kimeng’enya kiitwacho transglutaminesi. Hupimwa pamoja na jumla ya IgA, kwa kuwa mtu mwenye upungufu wa IgA anaweza kupewa jibu la uongo. Majibu yakiashiria ugonjwa, kwa kawaida daktari huingiza kamera nyembamba kupitia mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya utumbo ili vitazamwe kwa hadubini. Vipimo hivi havipatikani katika zahanati wala vituo vya afya. Njia ni kupitia hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo jijini Tanga, na ikibidi KCMC mjini Moshi au Muhimbili jijini Dar es Salaam.

Kosa kubwa ni kuacha ngano kabla ya kupima. Mtu akiiacha, kingamwili hushuka na utumbo huanza kupona, na vipimo vitasema hana ugonjwa ilhali anao. Mzazi anayeshuku siliaki asimwondolee kijana mandazi leo. Ampeleke kwanza kupimwa, aachishwe baada ya majibu.

Dawa iliyo shambani

Hakuna kidonge cha kuponya siliaki. Tiba ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Katika nchi za ngano, agizo hilo humlazimu mgonjwa kununua mikate maalumu ya bei kubwa. Kijana wa Handeni hahitaji mikate hiyo. Ugali wa mahindi au muhogo, wali, makande, viazi, magimbi, ndizi, maharage, mayai, samaki, nyama, maziwa, mboga na matunda vyote ni salama. Vitumbua na mkate wa kumimina vilivyotengenezwa kwa mchele mtupu ni salama pia, na togwa iliyotiwa kimea cha ulezi haina neno.

Vya kuachwa ni mandazi, chapati, mkate, sambusa, kalimati, keki, biskuti na tambi za ngano, pamoja na bia na vinywaji vya kimea cha shayiri. Vya kuchunguzwa ni unga wa lishe, soseji, mchuzi wa soya na bagia zilizochanganywa ngano. Uji wa lishe usagwe nyumbani kwa nafaka zinazojulikana. Mashine ya kusaga ikiwa imetoka kusaga ngano, mgonjwa asiwe wa kwanza kusagiwa. Chipsi zilizokaangwa katika mafuta ya mandazi nazo si salama, ingawa viazi vyenyewe ni salama.

Ugumu wa kuwa kijana

Orodha hiyo ni rahisi kuiandika kuliko kuiishi ukiwa na miaka 15. Ujana ni umri wa kutotaka kutofautiana na wenzako. Mandazi humegewa rafiki, na anayekataa huambiwa anajidai. Harusini shangazi husisitiza, “Onja kidogo tu, mwanangu, hakitakudhuru.” Kinadhuru, hata pale ambapo tumbo halikuuma. Ndiyo hatari ya ugonjwa huu: utumbo waweza kujeruhiwa kimyakimya, na madhara yakaja baadaye kwa sura ya mifupa dhaifu, ugumu wa kupata ujauzito, na mara chache saratani ya utumbo.

Lipo jambo jingine lisilongoja. Mifupa ya kijana hurefuka kwa muda maalumu, kisha sehemu zake za kukulia hujifunga. Akigundulika kabla ya hapo na akayazingatia masharti, aweza kukifidia kimo alichokipoteza, na balehe hufuata mkondo wake. Akichelewa, damu itarudi, lakini kimo hakitarudi. Nafuu ya tumbo huonekana baada ya wiki chache, na utumbo wenyewe huhitaji miezi mingi, pengine mwaka au miwili.

Kwa hiyo shule inaombwa mambo machache: mwalimu wa afya na mpishi wafahamishwe, kijana aruhusiwe kuleta kiazi au kitumbua cha kula mapumziko, na sahani yake isichotwe kwa kijiko kilichotoka kwenye chombo cha ngano. Kwa vijana Wakristo, mkate wa komunyo ni wa ngano, hivyo wazazi wazungumze na kiongozi wa kanisa mapema. Kwa Waislamu, futari ya muhogo, magimbi na viazi haina tatizo, ila tambi na kalimati ziepukwe. Na kijana mwenyewe asemeshwe kama mtu mzima, aelezwe kinachotokea tumboni mwake, kwa maana ndiye atakayekuwa peke yake mbele ya muuza mandazi.

Wenzangu katika zahanati na vituo vya afya, kijana akirudi kwa mara ya tatu na upungufu uleule wa damu, tumwulize anakula nini shuleni na anakula nini nyumbani. Na bibi yake akiwepo, tumwulize na yeye.