Fahamu: Matumizi endelevu ya maji, kutoka shambani hadi kwenye usindikaji

Ni nini?

Ni kulima na kusindika chakula bila kuchota maji mengi kuliko chanzo kinavyojazika, na bila kuwachafulia wanaoyatumia mbele ya mkondo. Duniani, takriban asilimia 70 ya maji baridi yanayochotwa huenda kwenye kilimo.

Kwa nini Mandawa?

Kata ya Mandawa, kama sehemu nyingine za wilaya za Ruangwa na Nachingwea kusini mwa Tanzania, ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mvua ikikatika, kinachobaki ni unyevu wa udongoni na visima. Ndiyo maana matuta yanayokinga mteremko na matandazo ya mabua yana thamani kubwa. Mbaazi nayo inastahili heshima zaidi: mizizi yake mirefu hufuata unyevu chini, ikaendelea kuzaa mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa.

Muhogo je?

Hapa ndipo pa kuangalia sana. Muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa ili kupunguza sumu ya sianidi. Maji hayo hubaki na sumu pamoja na wanga unaooza. Yakimwagwa kijitoni, samaki wanaweza kufa. Yaelekezwe kwenye shimo, mbali na kisima. Kukuna na kukamua muhogo hutumia maji machache kuliko kuuloweka.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha bodi ya bonde kwa matumizi yanayozidi ya nyumbani. Huku kusini inahusika Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto.