Rimu Inayumba? Inyooshe Mwenyewe Kabla Msimu wa Karafuu Haujakolea

Vijana, tunahesabu mbolea, vibarua, majamvi na magunia, lakini gurudumu la pikipiki hatulikumbuki. Tunalikumbuka siku spoku zinapokatika kwenye mteremko, na nyuma umefunga gunia la karafuu mbichi. Na karafuu hazisubiri. Zikikaa zimelundikana kwenye gunia zinapata joto na kuchacha, rangi inaharibika, na ukifika kituo cha ZSTC daraja limeshashuka. Wachumaji umewalipa kwa pishi ileile, lakini bei unayopata wewe si ileile.

Basi leo tuweke pembeni dawa na mbegu. Kazi hii unaiweza nyumbani. Inataka spana ya spoku, stendi kubwa na subira.

Kwa nini rimu inayumba

Kila spoku inaivuta rimu kuelekea kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Rimu inakaa sawa kwa sababu zote zinavutana. Moja ikilegea, jirani zake wanabeba mzigo wake. Yenyewe inachezacheza mpaka inakatika pale ilipopinda, karibu na habu. Njia zetu za shamba zina mashimo na mizizi, na mzigo wote tunaulaza nyuma. Ndo maana gurudumu la nyuma linaanza kuharibika kabla ya la mbele.

Wanaobeba mwani wana adui mwingine: maji ya chumvi. Yanakula spoku na nati zake. Ukishashusha mwani, osha magurudumu kwa maji baridi siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Kagua kwanza

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, zima injini, weka gia huru. Gurudumu lizungushe kwa mkono tu. Usilizungushe kwa injini hata siku moja, vidole vitaondoka.

1. Shika tairi, litikise kushoto na kulia. Likicheza, tatizo huenda ni beringi au nati ya ekseli. Hilo litengenezwe kwanza, la sivyo utanyoosha rimu bure.

2. Gonga kila spoku kwa spana. Iliyokaza inalia "ting", iliyolegea inalia "tap". Pikipiki nyingi ndogo zina spoku 36, lakini hesabu zako. Zilizolegea zitie alama kwa chaki.

3. Funga kijiti kwenye chuma kinachoshika gurudumu, ncha yake ikaribie rimu bila kuigusa. Zungusha polepole. Tazama rimu, usitazame tairi, maana tairi lenyewe linaweza kuwa limekaa vibaya.

Sasa nyoosha

Nati zenye kutu zitie mafuta jioni, uache mpaka asubuhi. Ukilazimisha nati kavu utaivunja au utaila kona zake. Angalia mafuta yasifike kwenye tairi wala breki. Kabla ya kuanza kukaza, toa upepo kwenye tairi, maana spoku inayozidi kukazwa inaweza kutokeza ndani na kutoboa tyubu.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Ukitazama nati kutoka upande wa tairi, unakaza kwa kufuata mshale wa saa. Ukitazama kutoka kwenye habu, inakuwa kinyume chake. Jaribu spoku moja kwanza, sikiliza mlio wake, ndo uendelee.

Zilizolegea wazi zikaze kidogo mpaka mlio wake ukaribiane na wa wenzake. Kisha fuata mpangilio huu:

Kwanza, kupanda na kushuka. Rimu ikitokeza nje sehemu moja, kaza spoku za pande zote mbili pale ilipotokeza. Ikiwa imeingia ndani, legeza za pale.

Pili, kushoto na kulia. Spoku zinazotoka upande wa kushoto wa habu zinavuta rimu kushoto, za kulia zinavuta kulia. Rimu ikiegemea kushoto, legeza za kushoto sehemu hiyo, halafu kaza za kulia kwa kiasi hichohicho. Wengi wanakaza tu bila kulegeza. Mwisho gurudumu zima linakuwa gumu na spoku zinaanza kukatika.

Zungusha nati robo mzunguko tu kila mara, kisha zungusha gurudumu utazame tena. Ukipotea, usiendelee kubahatisha. Rudisha ulichofanya mwisho.

Usitafute unyoofu wa dukani. Vitabu vingi vya watengenezaji vinaweka kikomo cha milimita 2, kwa kuyumba pembeni na kwa kupanda na kushuka. Angalia kitabu cha pikipiki yako. Ukifika ndani ya hapo na milio inakaribiana, jaza upepo, kazi imekwisha.

Wapi uache umwite fundi

Rimu yenye ufa kwenye tundu la spoku, au iliyobonyea kwa kugonga jiwe, spoku haziwezi kuinyoosha. Spoku ikikatika, hata moja, ibadilishe kabla ya kubeba mzigo. Na kama umezungusha nati sana, tairi livuliwe, ncha zilizotokeza zipigwe tupa.

Ukishamaliza, jaribu pikipiki polepole bila mzigo, na breki uzijaribu kabla hujafika mteremkoni. Baada ya safari mbili tatu gonga spoku tena, maana zilizoguswa hulegea upya. Kisha iwe desturi: kila wiki msimu mzima, dakika tano, kabla hujaanza kufunga magunia. Mzigo nao uufunge karibu na katikati ya pikipiki, usiuache uning'inie nyuma. Gunia likizidi uwezo wa pikipiki, safari mbili ni rahisi kuliko rimu mpya.