Kombe Halilipi Matairi

Anayetaka kuelewa uchumi wa mbio za magari Johannesburg asianzie jukwaani kwenye uwanja wa mbio wa Kyalami. Aanzie Kensington, mashariki mwa jiji, kisha ateremke kusini hadi barabara ya Jules, inayotoka Jeppestown kwenda Malvern ikiwa imesindikizwa na yadi za magari yaliyotumika. Biashara ya dereva anayemiliki gari lake imekaa huku: kwenye gereji, kwenye vipuri, kwa fundi wa bodi.

Mbio za viwanja vya mviringo, kama The Rock kule Brakpan, ndizo zinazomkaribia mtu wa kipato cha kawaida. Unanunua gari kuukuu, unang'oa vioo na viti, unachomelea kizimba cha mabomba ya chuma kumlinda dereva, halafu unahangaikia injini. Pale inaporuhusiwa kugongana, bodi huhesabiwa kama mafuta: kitu cha kutumika na kwisha. Mwenye gereji yake hujinusuru kwa sababu ufundi haulipii. Asiye nayo hulipa bili mbili, ya kukimbia na ya kutengenezewa.

Hakuna aliyeonyesha hesabu hiyo wazi kuliko Basil van Rooyen. Alikuwa dereva hodari, na Superformance, kampuni yake ya hapo Johannesburg, iliongezea mwendo magari ya kawaida kwa malipo. Mbio zilimtangazia kazi. Kanuni za mashindano zilipodai gari liwe limeundwa kwa ajili ya umma, angalau 100, ndipo liruhusiwe uwanjani, aliwaendea General Motors wa Afrika Kusini. Injini ya lita 5 ya Camaro Z28 ikapachikwa kwenye Chevrolet Firenza, gari dogo la familia, na magari 100 yakatoka mwaka 1973. Ni wazimu kidogo, ukiniuliza, lakini wazimu wenye ankara na stakabadhi.

Jirani yake kibiashara alikuwa Basil Green wa Edenvale, kilomita chache kutoka Kensington. Naye alitia V8 kwenye Ford Capri, akaliita Perana. Ford walikubali liuzwe kupitia mawakala wao, na yakaundwa kama 500. Bobby Olthoff alichukua ubingwa wa taifa na Perana mwaka 1970. Kwangu mimi Green ndiye mfanyabiashara aliyewazidi wote, kwa kuwa faida yake haikungoja yeye ashike usukani. Hata hivyo bei ya mafuta ilipopaa mwishoni mwa 1973, soko la injini kubwa lilinywea kwa wote wawili.

Fedha nyingine zilitoka kwenye sigara. John Love wa Bulawayo alishika nafasi ya pili Kyalami mwaka 1967 katika Cooper yake mwenyewe. Alikuwa akiongoza hadi alipolazimika kusimama kuongeza mafuta. Tarehe 1 Januari 1968 alirudi uwanjani na rangi za sigara za Gunston, kabla ya timu ya Lotus kuvaa rangi za sigara za Gold Leaf. Udhamini wa sigara uliendelea kwa miongo mitatu, mpaka sheria ya mwaka 1999 ilipoufunga mlango. Waliokuwa wamejenga timu juu ya pakiti ya sigara ilibidi watafute mdhamini upya. Waliokuwa na gereji waliendelea kufungua saa mbili asubuhi.

Wasomaji wa Nairobi wanaijua habari hii kupitia Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho. Volvo PV544 aliyoshindia mbio za Safari mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant ilikuwa gari lililokwisha kutumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976, mara zote mbili akiwa na Mitsubishi Lancer. Mkono wa fundi ndio uliokuwa mtaji wake.

Leo ngazi ya juu haipandiki kwa spana peke yake. Kyalami yenyewe ilipigwa mnada Julai 2014, ikanunuliwa kwa randi milioni 205. Mnunuzi hakuwa benki wala serikali. Alikuwa Toby Venter, mwenye biashara ya kuingiza Porsche nchini humo, ambaye naye alikuwa akishindana.