La Toma: Wenye ardhi walipogeuzwa wachimbaji haramu

WAKAZI wa La Toma, katika wilaya ya Suárez, jimbo la Cauca, kusini-magharibi mwa Colombia, wamechimba dhahabu kwa sururu na makarai ya mbao tangu karne ya 17.

Ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Jamii hiyo huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1636, zaidi ya miaka 200 kabla ya Colombia kupitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1851.

Hata hivyo, katika muongo wa kwanza wa karne hii, wakazi hao walijikuta wakihesabiwa wachimbaji haramu katika ardhi ya mababu zao.

Chanzo kilikuwa sheria. Nchini Colombia, madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya dola, na sheria ya madini ya mwaka 2001 humtambua mwenye hati iliyosajiliwa serikalini. Anayetangulia kuomba ndiye hupewa nafasi ya kwanza.

Sheria hiyo haikutaja rangi ya mtu. Lakini mkulima anayechimba ili kuongezea pato la shamba, asiye na wakili wala mtaalamu wa kuchora ramani, hawezi kushindana mbio hizo na wawekezaji wa mijini.

Ndivyo hati za kuchimba La Toma zilivyoangukia mikononi mwa watu wa nje, bila wakazi kuulizwa. Baadaye ikatolewa amri ya kuwaondoa wakazi.

Haikuwa mara ya kwanza kwao kupoteza ardhi. Bwawa la umeme la Salvajina, lililokamilika mwaka 1985, lilifunika mashamba na machimbo ya bondeni.

Wakazi walikwenda mahakamani. Silaha yao ilikuwa Mkataba Namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), ambao Colombia iliuridhia mwaka 1991. Mkataba huo unaitaka serikali kushauriana na jamii za asili kabla ya kuruhusu uchimbaji katika ardhi zao.

Desemba 2010, Mahakama ya Katiba iliwapa ushindi. Ilisimamisha hati hizo na uhamishaji, ikaagiza jamii ishirikishwe kwanza.

Hukumu hiyo haikuzuia makatapila ya wachimbaji wasio na kibali, walioingia na kuchafua Mto Ovejas kwa zebaki. Waliowapinga walitishiwa maisha.

Novemba 2014, wanawake wapatao 80, wakiongozwa na Francia Márquez, mzaliwa wa eneo hilo, waliandamana kwa siku 10 hadi mji mkuu, Bogotá, umbali wa kilometa 560 hivi, kuidai serikali itekeleze wajibu wake. Hadi mwishoni mwa mwaka 2016, mitambo hiyo ilikuwa imeondolewa La Toma.

Márquez alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2018, akanusurika shambulio la risasi na mabomu ya mkono mwaka 2019, na Agosti 7, 2022 akaapishwa kuwa makamu wa rais, mwanamke wa kwanza mweusi kushika wadhifa huo Colombia.

Wengine hawakunusurika. Mwaka 2023 pekee, shirika la Global Witness lilihesabu watetezi 79 wa ardhi na mazingira waliouawa nchini humo, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote duniani.