Kamba na kombe msimu wa joto: Ndimu haiui vijidudu



Mama mmoja alinijia na watoto wake watatu, wote wanaharisha na kutapika tangu usiku. Nilipomuuliza walikula nini, alijibu: "Wali, kamba wa nazi na kachumbari." Kisha akaongeza jambo lililomtatiza: "Lakini huyu mdogo, daktari, hali kamba kabisa. Mbona naye anaumwa?" Nikamuuliza kamba walisafishiwa wapi na kachumbari ilikatiwa wapi. Akanyamaza kidogo. Ubao ulikuwa ule ule, na kisu kile kile.

Kamba walipita motoni, kachumbari haikupita. Hilo ndilo somo letu la leo.

Suratul Maidah, aya ya 96, imetuhalalishia vivuliwavyo baharini. Juu ya kaa maulamaa wana kauli tofauti, hivyo muulize sheikh wako. Lakini tukumbuke kuwa Qur'an inapotaja chakula cha halali huambatanisha na kilicho kizuri. Chakula halali kikipikwa kwa uchafu hugeuka kuwa maradhi.

Hatari inatoka wapi?

Chaza na kombe hula kwa kuchuja maji ya bahari. Maji yakiwa na kinyesi, vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A hubaki ndani ya nyama yao. Sisi wa Dar es Salaam tunajua Mto Msimbazi unapita wapi: unatoka milima ya Pugu, unapita Jangwani na kumwaga baharini karibu na Daraja la Salenda, ukibeba uchafu wa mji. Basi usiokote wala kununua kombe wa karibu na mto au mfereji wa maji machafu. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu, kama ule ulioanza hapa jijini Agosti 2015, tahadhari iwe maradufu.

Wako wanaokula chaza mbichi kwa ndimu na pilipili. Ndimu hugeuza nyama ikawa nyeupe, ikaonekana kama imeiva. Si kweli. Ndimu hukata shombo na kuleta ladha, lakini si ya kutegemea kuua vijidudu. Kinachoua ni moto.

Jambo la pili ni joto. Kipindi cha kaskazi, Disemba hadi Machi, mji wetu huwaka, na bakteria wengine huweza kuongezeka maradufu kwa dakika 20 tu. Kwa hiyo nenda sokoni asubuhi, nunua mboga zako Kariakoo kwanza, na kamba wa Feri uwanunue mwisho. Mwombe muuzaji akuwekee barafu. Kamba mzuri ana gamba linalong'aa, nyama ngumu na kichwa kilichoshika. Akiwa na harufu kali kama ya mkojo, mwache. Kombe awe hai: ukimgonga aliye wazi, ajifunge. Asiyejifunga mtupe.

Namna ya kupika

Kamba wa nazi na bamia, kwa watu wanne: chukua nusu kilo ya kamba, nyanya tatu, kitunguu kimoja, bamia kumi, kitunguu saumu, bakuli la tui na chumvi. Kaanga kitunguu, tia nyanya hadi zilainike, kisha bamia na tui. Bamia zikikaribia kuiva, tia kamba na acha vichemke dakika tano, ukigeuza. Kamba akiwa mwekundu nje na mweupe hadi ndani, ameiva. Ndimu ikamulie mezani.

Kombe na matembele: sugua magamba kwa maji safi, weka kwenye sufuria yenye maji yanayochemka, funika. Wakishafunguka, waache waendelee kuchemka dakika tano nyingine. Asiyefunguka usimlazimishe kwa kisu, mtupe. Toa nyama, kaanga na kitunguu na nyanya, malizia na matembele yaliyooshwa na kukatwa.

Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani. Uulize pia zimelimwa wapi. Kuosha huondoa udongo na vijidudu vingi, lakini hakuondoi sumu ya viwandani iliyoingia ndani ya jani. Na kwa kuwa kachumbari haipiki, iandae kwanza, kabla ya kugusa kamba, kwa ubao wake na maji yaliyochemshwa. Kama nyumbani kuna ubao mmoja tu, hakuna tatizo: katia kachumbari, ifunike, uiweke mbali, ndipo usafishe kamba. Kisha osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni. Mtume (SAW) ametuagiza kufunika vyombo, na faida yake unaiona hapa.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali kisizidi saa moja. Kiporo kichemke upya hadi kati.

Ukiugua

Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Yakikosekana, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vya kufuta. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au mgonjwa akiwa na macho yaliyoingia ndani, damu kwenye choo au hawezi kunywa, mpeleke hospitali mara moja, na mpe maji hayo njiani akiweza kumeza. Na anayevimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula kamba, huyo ana mzio: akimbizwe hospitali, na asile tena.

Watoto wa yule mama walipona, alhamdulillah. Aliporudi alinieleza kuwa amenunua ubao wa pili Kariakoo, na kwamba kamba bado wanapikwa nyumbani kwake. Nasi tusiache neema ya bahari yetu, bali tuiandae kwa usafi.

Wabillahi tawfiq.