Watoto Thelathini Usiku Mmoja Takwa

Juzi baada ya swala ya alasiri, baba mmoja wa mtaani kwetu alinishika mkono nje ya msikiti, akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne. Skuli ya mwanawe yataka kuwapeleka wanafunzi Takwa, walale huko usiku mmoja, wajifunze historia, nyota na mikoko. Karatasi ilingoja sahihi yake. "Maalim," aliniambia, "wewe ulikwenda na wale wa mwanzo. Nitie au nisitie?"

Sikumjibu pale pale, kwani swali lake lilinirudisha kwenye usiku ambao hata leo nikiukumbuka mwili hunisisimka. Nimeona afadhali nimjibu hapa, maana najua si yeye peke yake mwenye karatasi kama ile mfukoni.

Msomaji asiyeifahamu Takwa na ajue kwamba ni mji uliohamwa, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Watu walikaa hapo karne za 16 na 17, kisha wakauacha. Wazee wa Shela husimulia kwamba wao ndio kizazi chao, na kwa muda mrefu walikuwa wakirudi kuzuru kaburi lenye mnara na kuomba mvua. Kaburi hilo lina tarehe ya 1094 Hijria, yaani yapata 1683. Msikiti mkubwa una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na mabaki ya ukuta wa mji yangalipo. Bwana James Kirkman alipafukua mwaka 1951, na sasa pako chini ya Makumbusho ya Taifa. Kwa mtoto aliyeijua historia kwa kitabu tu, kusimama ndani ya kuta zile ni darasa lisilo mfano wake.

Lakini njia ya kufika huko kwa chombo ni mkono wa bahari upitao katikati ya mikoko, na maji yakipwa chombo hakipiti. Sisi tulikwenda usiku wa mwezi kumi na nne, ili watoto wapate mbalamwezi. Hizo ni siku za bamvua. Maji yalijaa kwenye saa kumi za jioni, tukaingia vizuri. Ilipofika saa nne za usiku palikuwa tope tupu, na maji hayakutazamiwa kujaa tena hadi saa kumi za alfajiri. Kwa hiyo tangu isha hadi karibu saa nane tulikuwa kama watu waliofungiwa mlango kwa nje. Mwalimu aliyeongoza safari, kijana mwema kutoka bara, alikuwa ameichagua tarehe kwa kalenda ya ukutani. Mimi niliyezaliwa na maji haya nilijua, nikanyamaza. Niliitamani mbalamwezi.

Tulikuwa na wavulana 30, walimu watatu, nahodha wa mashua na baharia wake. (Wasichana walikwenda mwezi uliofuata na walimu wao wa kike, na safari yao haikuwa na la kusimuliwa. Sababu wanaijua wenyewe.) Kanuni zilisomwa tuliposhuka tu: hakuna kupanda kuta, hakuna kuogelea, hakuna kutoka kambini bila ruhusa. "Ndiyo, mwalimu!" wakaitika kwa sauti moja, na mtu yeyote aliyepata kufundisha chuoni anaijua thamani ya ndiyo ile. Hakuna aliyewaeleza kwa nini. Mtoto hakuambiwa kwamba ukuta wa chokaa na matumbawe wa miaka mia tatu huweza kumng'okea mkononi, wala kwamba tope la mikoko humeza mguu hadi gotini.

Mmoja aliniuliza kama tungepunguza swala kwa kuwa tu wasafiri. Nikamwambia kuvuka kutoka Lamu hadi Manda si safari ya kupunguza hata rakaa moja. Tuliswali isha safu zikiwa kamili, kisha wakanizunguka motoni wakataka kisa. Hapa ndipo ninapokiri kosa langu. Nyota zilikuwepo, na historia ya mji ilikuwepo, nami nikawasimulia majini ya mahame. Niliwasimulia kwa ufundi wangu wote, nikapunguza sauti pale panapotakiwa kupunguzwa. Wakubwa walicheka. Mdogo wao mmoja, wa miaka kumi na miwili, hakucheka, na mimi nilimwona.

Saa nne na nusu wavulana wawili walijifunika shuka nyeupe wakatokea nyuma ya kaburi la mnara wakipiga ukelele. Hema zote zikamwagika nje. Vikawa vicheko na matusi na watu kukwaana. Baadaye mtoto mmoja akasema, "Fulani hayupo," na vicheko vikakatika.

Tuliwahesabu tukapata 29. Tukarudia tukapata 30, kwa kuwa walikuwa wakizungukazunguka. Orodha ya majina ilikuwa kwa mwalimu wa nne, aliyebaki Lamu mgonjwa. Walimu wakashika kurunzi kila mmoja upande wake, wakiita kwa sauti za juu, nami nikiita kuliko wote.

Aliyetuokoa ni nahodha, mzee asiyekwenda skuli hata siku moja. "Nyamazeni nyote!" alisema. "Mtoto akilia mtamsikiaje?" Akawakalisha wavulana chini, kila mmoja amshike mwenziwe mkono, ndipo hesabu ikasimama: 29. Kisha akashuka ukingoni mwa mikoko, akasikiliza.

Alimpata saa sita na nusu. Mtoto alikuwa amekimbia gizani hadi kwenye mikoko, akazama topeni, akashika mizizi asiweze kutoka. Maji yalikuwa yamekwisha kuanza kurudi, yamemfika mapajani. Nahodha alilaza ubao wa mashua juu ya tope akautambaa kwa tumbo, akamvuta. Unyayo ulikuwa umechanwa na chaza. Sanduku letu la dawa lilikuwa na plasta ndogo na vidonge vya kichwa tu, tukaufunga mguu kwa kikoi changu. Kisha tukakaa kuyangoja maji yaliyokuwa adui yetu muda mfupi kabla, ili chombo kielee tumpeleke hospitali. Kikaelea saa nane kasoro robo.

Alipopata kusema, aliniuliza mimi, si mwalimu: "Maalim, limekwenda?"

Asubuhi mwalimu mmoja alitaka wale wawili wapigwe. Fimbo ilikatazwa skulini tangu 2001, na hata isingekatazwa sijui ningeishikaje mimi niliyeandaa jukwaa lao. Walipewa kazi ya kumhudumia mwenzao hadi mguu ulipopona, kumbebea mkoba na kumwandikia masomo. Nasikia wawili hao na yule mdogo ni marafiki mpaka leo.

Tangu mwaka 2008 Wizara ya Elimu ina kitabu chake cha viwango vya usalama wa skuli, na ni vyema kila mwalimu akisome. Ila kitabu cha Nairobi hakiwezi kumwambia mtu saa ya maji Takwa. Wala maji mafu si dawa kamili, kwa kuwa siku hizo bahari haitoki sana na pia haiingii sana, na chombo kikubwa huweza kukwama mchana kweupe. Aulizwe nahodha kabla ya kalenda. Dini nayo imetufundisha wasafiri watatu wamteue mmoja awe amiri. Sisi tulikuwa zaidi ya 30, na usiku ule kila mtu mzima alikuwa amiri wa kurunzi yake.

Jana nilimrudishia baba yule karatasi yake. Nyuma nilikuwa nimeandika maswali ya kumpelekea mwalimu: maji yanajaa saa ngapi, orodha iko mkononi mwa nani, nani amiri baada ya isha, na mtoto anayeogopa giza atalala karibu na nani. Akaniuliza kama nami nitakwenda. Nimealikwa, na inshaallah nitakwenda kuwaonyesha nyota. Majini nitayaacha Lamu.