Undugu Walioukataa Wahungari

Mwaka 1769 padri wa Kihungari, János Sajnovics, alikuwa kisiwani Vardø, kaskazini kabisa mwa Norway, kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Huko aliwasikiliza Wasami wakisema, na mwaka 1770 akatoa kitabu kuthibitisha kwamba lugha yao na Kihungari zina asili moja.

Kwao hakushangiliwa. Wahungari walijihesabu wazawa wa mashujaa wapanda farasi walioitwaa nchi yao mnamo mwaka 895. Wangekubalije undugu na wavuvi, undugu unaonuka mafuta ya samaki? Kiburi hicho cha wapiganaji twakielewa. Lakini maneno hayana haya. Samaki kwa Kifini, ambacho nacho ni ndugu wa Kisami, ni *kala*, kwa Kihungari *hal*. Kufa ni *kuolla* na *halni*. Tatu ni *kolme* na *három*. Penye *k* huku, pana *h* kule: hiyo si bahati nasibu. Na damu yenyewe ni *veri* na *vér*.

Jamii hiyo yaitwa ya Kiurali, kwa jina la milima ya Ural. Ndugu wa karibu kabisa wa Kihungari ni Kikhanti na Kimansi, lugha za wavuvi na wawindaji wa mto Ob, Siberia!

Chimbuko lake bado labishaniwa. Wengi waliliweka kandokando ya milima ile. Uchunguzi wa mifupa ya kale uliotolewa mwaka 2025 waelekeza mashariki zaidi, Yakutia, yapata miaka 4,500 iliyopita.